Mia Mbili

Mimi ndiye niliyeandika mia mbili.
Kalamu ya bluu, daftari la klabu, ukurasa wa tisa:
"Miche mia mbili ilipandwa kuanzia bwalo hadi uwanja wa mpira,
mgeni rasmi akiwa wa kwanza kushika jembe."
Makofi niliyaandika pia, kwenye mabano.

Newala, Desemba ile, ilikuwa na ukungu hadi saa nne,
bonde la Ruvuma chini yetu limejifunika shuka,
na udongo mwekundu uling'ang'ania viatu vya mgeni
hata Bakili akalazimika kumpangusa kwa kitambaa cha meza kuu.
Kila mwanachuo alipewa mche na kibao cha bati,
jina limechorwa kwa msumari.
Tukapiga picha. Tukala pilau.

Kisha likizo.
Kisha mazoezi ya kufundisha, wengine Kitangari, wengine Mahuta.
Kisha mvua ikaondoka bila kuaga,
na bomba letu, linalopandishiwa maji kutoka huko chini,
likarudia tabia yake: Jumatano linatoa,
siku nyingine linakohoa.

Mwezi wa saba, salfa ya mikorosho ikinuka hadi bwenini,
nilitumwa kuhesabu upya. Wafadhili walitaka safu moja tu:
"Iliyo hai."
Nikaanzia bwaloni, chaki mkononi.
Kibao cha Nangumi: kijiti.
Kibao cha Asumini: shimo, na mjusi ndani yake.
Changu nilikikuta kimesimama wima, hakina hata kutu,
jina langu lote mpaka la babu,
na mbele yake hakuna kitu,
kaburi linalosomwa na mwenyewe.

Nyuma ya jiko nikasikia maji yakimwagwa.

Somoe Nammole, mwosha masufuria,
mkataba wa miezi mitatu mitatu,
hajawahi kualikwa kwenye kikao chetu hata kimoja.
Ana mapipa matatu, na hesabu yake iko kichwani:
la kwanza lina sabuni, linakwenda kudeki choo;
la pili lina mafuta, linalaza vumbi kwenye njia ya kuni;
la tatu, la kusuuza mwisho,
lina ukoko ulioloana na punje mbili tatu za maharage.
Hilo mti unakunywa.

Makopo kumi na tisa kila jioni,
kabla hajaenda nyumbani kutafuta maji ya kwake.
Mijohoro, mikangazi, kila shina limetandikiwa maganda ya karanga.
Mmoja umeshamfika kifuani.

"Kwa nini kumi na tisa?"
"Ndipo maji yanapoishia."
Akageuza sufuria. "Wa ishirini ulikuwepo.
Mbuzi wa mhasibu akaula."

Nikarudi ofisini. Nikaikata mia mbili kwa mstari mmoja,
juu yake nikaandika 19, ndogo, lakini inasomeka.
Mwalimu mlezi akavua miwani, akaivaa tena.
"Tuseme basi mia na kitu," akasema.
"Chuo cha jirani wameandika mia tatu."
Sikumjibu. Kalamu niliirudisha mfukoni,
nayo ilikuwa inavuja.

Desemba mgeni anakuja tena.
Bakili ameshaambiwa achimbe shimo
palepale pa mwaka jana, udongo wake umeshazoea jembe.
Nami nilikwenda kwa Somoe kuazima kopo.
Akakataa. "Hili lina kazi saa kumi na moja.
Njoo na lako."

Nikaja na la rangi, lina tundu chini.
Akalitazama juani, jicho moja amelifumba,
akaliziba kwa kipande cha sabuni,
kisha akanionyesha kwa kidevu
mahali ulipokuwa ule wa ishirini.